Mvua Ikishuka Katikati ya Onyesho

REHEMA: Karibuni tena. Leo tuliahidi mambo matatu: nyaya za umeme jukwaani, watoto wakae wapi, na mchezo wa kuigiza wa familia uwe na urefu gani. Tutayafikia. Ila Jumamosi nilikuwa kwenye ukumbi ule wa Majengo, saa kumi jioni, watu wamekuja na watoto mpaka wa kubebwa mgongoni, mchezo umefika patamu, mvua ikashuka. Na masika ya Moshi mnaijua, haipigi hodi.

ELIYA: Mzee Bati, yaani kelele za mvua kwenye bati, akaingia jukwaani.

REHEMA: Akaingia, na wala hakungoja zamu yake. Mama mkwe anamwambia bwana harusi neno zito, midomo inacheza, sauti haifiki hata safu ya tatu.

ELIYA: Bati geji ngapi?

REHEMA: Thelathini. Na dari hakuna.

ELIYA: Basi sababu ni hiyo. Watu wakisikia thelathini wanadhani ndilo nene. Ni kinyume chake: geji 28 ni nene kuliko geji 30. Sasa bati jembamba limepigiliwa kwenye papi, zile mbao zinazolishikilia, na kati ya papi na papi liko huru kabisa. Hiyo ni ngozi ya ngoma, kila tone ni kijiti. Ukiwa na ukumbi unaojengwa sasa hivi, ongeza papi, karibisha nafasi, nunua geji 28. Ukishaezeka, dawa ya kweli ni dari.

REHEMA: Dari ni pesa, mtani. Kikundi cha mtaa kinapanga ukumbi kwa siku.

ELIYA: Najua. Kwa hiyo kuna njia ya kati: neti ya kivuli, ile ya vitalu vya miche. Itandazwe juu ya bati, iinuliwe kwa fremu ya mbao, isilale juu ya bati. Tone kubwa linapasukia kwenye neti, linafika chini likiwa vumbi la maji. Ifungwe kwa waya kila upande, maana upepo wa mvua ukiingia chini yake utaing'oa na fremu yake.

REHEMA: Na zile trei za mayai? Kumbi nyingi nimeziona zimebandikwa ukutani mpaka juu.

ELIYA: Zing'oeni. Mvua hazizuii hata kidogo. Zinanyonya mwangwi wa sauti nyembamba tu, basi. Na ni karatasi kavu, cheche moja ya waya inatosha, na ukumbini mna watoto. Hilo silisemi kwa upole.

REHEMA: Sawa. Lakini kikundi kinachopanga ukumbi wa watu hakiwezi kuweka dari wala neti. Mzee Bati wamemkuta humo. Wafanye nini?

ELIYA: Waanze kwa kujua wanapambana na nini. Sauti ya mtu anayeongea kawaida, ukiwa mita 1 kutoka kwake, ni kama desibeli 60; desibeli ndiyo kipimo cha ukubwa wa sauti. Mwigizaji aliyefunzwa kupaza anaweza kufika 80. Kila umbali ukiongezeka mara mbili unapoteza desibeli 6: mita 2 imebaki 74, mita 4 ni 68, mita 8 ni 62. Kuta zinarudisha kidogo, lakini mvua kubwa kwenye bati tupu inaipita hiyo 62 bila jasho.

REHEMA: Na kinachopotea kwanza ni konsonanti. Irabu zinapita, lakini f, s, sh, h zinazama. "Amefika" na "ameshika" vinakuwa kitu kimoja. Ndiyo maana kumwambia mwigizaji apige kelele hakusaidii: anapaza irabu, maneno bado hayaeleweki, na koo linaumia.

ELIYA: Hapo tupo pamoja. Kwa hiyo maiki.

REHEMA: Hapo sasa hatupo pamoja.

ELIYA: Ngoja nimalize. Siyo maiki yoyote. Ukiweka maiki kwenye stendi mbele ya jukwaa, inanasa mvua sawasawa na sauti, ukiongeza unaongeza vyote viwili, kisha spika zinaanza kupiga mluzi. Maiki ya kubandika kifuani iko kama sentimita 20 kutoka mdomoni: ukilinganisha na iliyo mita 1 kutoka mdomoni umepata desibeli 14. Maiki ya shavuni, ikikaa sentimita 5 kutoka mdomoni, umepata 26. Hiyo ndiyo inayomshinda Mzee Bati. Ibandikwe kwa plasta ya dukani, waya upite nyuma ya sikio, ushuke mgongoni chini ya maleba, kisanduku cha kurushia sauti kiwe kiunoni ndani ya mfuko wa nailoni, kwa sababu jasho ndilo linaloua vile visanduku. Betri mpya kila onyesho, hata kama za jana zinaonyesha zimejaa.

REHEMA: Waigizaji wanane?

ELIYA: Wanane, na fundi mitambo mmoja mwenye andiko mkononi. Anafungua ya anayeongea tu. Kila idadi ya maiki zilizo wazi ikiongezeka mara mbili, unapoteza desibeli 3 kabla ya mluzi kuanza. Ukiziacha zote nane wazi umepoteza 9, na umerudi kwenye matatizo yaleyale.

REHEMA: Eliya, sikiliza. Mvua ileile ndiyo inayoondoka na umeme.

ELIYA: Mikisa ya kuchanganyia sauti na vipokezi vya maiki vinakula kidogo. Tafuta spika ndogo, mzigo wote uwe wati 150. Betri ya gari ya N70 na inveta ya kugeuza umeme wake uwe kama wa ukutani, ukitumia nusu tu ya chaji, unapata zaidi ya saa mbili. Mchezo wa familia hauzidi hapo.

REHEMA: Haya, umeme umepata. Masikio je? Ili sauti isikike juu ya mvua, lazima iipite kwa desibeli 10 hivi. Mvua ikiwa 80, safu ya nyuma unawapelekea 90. Spika ziko mbele, na watoto wamekaa mkekani chini ya hizo spika. Wao wanapata ngapi?

ELIYA: Ndiyo maana husukumi kutoka mbele peke yake. Spika mbili nyingine ndogo katikati ya ukumbi, juu, zikitazama nyuma. Ukumbi wa mita 12, hizo zinakaa mita 6, unazichelewesha milisekunde 18 ili sauti yake ifike pamoja na ya mbele. Mbele unapunguza.

REHEMA: Unapunguza, lakini mvua iko juu ya vichwa vya watoto pia, kwa hiyo nao utawapelekea zile 90. Mtoto wa miaka minne, nusu saa nzima. Mimi sikubali. Na jambo la pili: sauti inatoka pembeni wakati mama mkwe yuko katikati. Watoto wadogo wanaitazama spika. Watazame wenyewe, siku yoyote.

ELIYA: Wewe unafanyaje?

REHEMA: Nasimamisha mchezo. Kwa mpango, siyo kwa kushtukizwa. Kwenye andiko, mwongozaji anaweka alama kwa penseli mahali ambapo hadithi inaweza kukatika bila kuumia: mwisho wa tukio, mtu anapoingia, mtu anapotoka. Msimamizi wa jukwaa anakaa safu ya mwisho kabisa. Wengi wanamweka nyuma ya pazia, na huko hasikii wanachosikia watazamaji. Yeye akikosa mistari miwili mfululizo, anawasha tochi mara mbili. Mwigizaji aliye mbele anafika kwenye alama inayofuata, anafunga kwa sentensi moja aliyoizoea mazoezini, na ngoma inaingia. Ngoma nzito, ya sauti ya chini, siyo kayamba. Kayamba inamezwa na mvua, huwezi hata kujua inapigwa.

ELIYA: Kisha?

REHEMA: Wimbo wa kuitikia, wenye vitendo vya mikono, wa kijiji kilekile cha kwenye mchezo. Wahusika wanabaki wahusika: mama mkwe anacheza kama mama mkwe, bwana harusi anaendelea kumkwepa. Taa za upande wa watazamaji ziwake nusu, watoto wasiogope radi gizani. Wazazi wanasimama, watoto wanasimama. Mvua ikipungua, msimamizi anawasha tochi mara moja, waigizaji wanarudi kwenye nafasi zao, na wanarudia mistari mitatu ya mwisho kabla ya alama. Mitatu inatosha kumrudisha mtu kwenye hadithi.

ELIYA: Na isipopungua? Masika hii, mvua inaweza kukaa saa nzima.

REHEMA: Unakuwa na matukio mawili ya bubu mfukoni, ya vitendo vitupu, yaliyofanyiwa mazoezi kama mengine. Harusi inaandaliwa, mbuzi anakimbia, hakuna neno hata moja.

ELIYA: Mtani, nakuheshimu, lakini mzazi ameleta familia kuona hadithi. Mtoto wa miaka mitano ukimwimbisha robo saa, akikaa chini anauliza tunaenda nyumbani saa ngapi. Hadithi imekufa. Na bibi aliye safu ya nyuma, asiyesikia vizuri hata siku ya jua, yeye maiki ya shavuni inamfaa kila onyesho, mvua iwepo isiwepo.

REHEMA: Bibi msogeze mbele.

ELIYA: Mbele umeweka mkeka wa watoto.

REHEMA: Viti vya wazee vinakaa pembeni ya mkeka, kushoto na kulia, na msogezaji ni mtu wa mlangoni, kabla hajaketi. Hadithi haifi kwa wimbo wa humohumo. Inakufa kwa kelele juu ya kelele.

ELIYA: Inakufa kwa kutosikika.

REHEMA: Basi tumefika hapo, wala mimi sisogei.

ELIYA: Wala mimi. Nionyeshe familia iliyoondoka kwa sababu ilisikia vizuri mno.

REHEMA: Nionyeshe kikundi cha mtaa chenye maiki nane za shavuni, zinazofanya kazi zote nane.

ELIYA: Zinakodishwa.

REHEMA: Kwa kiingilio cha mtaani? Hata gharama ya kukodi haitarudi... Fundi anatuonyesha mkono. Dakika mbili.

ELIYA: Nyaya hatujagusa.

REHEMA: Wala watoto, wala urefu wa mchezo. Haviwezi kuingia kwenye dakika mbili, tusidanganyane. Toa moja la nyaya, la watu wenye onyesho wikiendi hii.

ELIYA: Soketi moja ya ampea 13 inabeba wati 2,990 kwa volti 230. Taa tatu za jukwaani za wati 1,000 tayari zimeipita. Wekeni mbili, ya tatu ichukue soketi ya saketi nyingine. Na ekstensheni ya kuzungushia ifunguliwe yote kabla ya kuwasha. Ikibaki imejikunja inahifadhi joto, na plastiki inaanza kuyeyuka ndani ambako huoni.

REHEMA: Na nyaya zinazokatiza njia ya watu zifunikwe kwa mkeka na kubandikwa kwa utepe wa kitambaa wenye gundi pande zote mbili. Watoto wanakimbilia chooni gizani.

ELIYA: Wakati wa wimbo wako wa mvua hasa.

REHEMA: Taa zitakuwa nusu, wataona. Wiki ijayo tunaanza na watoto, moja kwa moja, bila kupitia kwenye bati.

ELIYA: Nakuja na maiki moja ya shavuni, uivae kipindi kizima.

REHEMA: Njoo nayo. Na mimi nakuja na ngoma.