Ua la Kwetu Dirishani Hamburg

MPWA: Shikamoo shangazi. Wasikilizaji, karibuni barazani Chumbageni, Tanga. Jua la kaskazi linachoma na feni tumeizima isiingie kwenye sauti, kwa hiyo mkisikia tunahema, mtusamehe.

SHANGAZI: Marahaba. Waambie na mchicha wangu umekauka. Tuta zima limebaki mrehani.

MPWA: Masika si Machi hiyo?

SHANGAZI: Kwako wewe usiyebeba ndoo! Lakini jana shangazi yako mdogo wa Hamburg kanitumia sauti, analalamika kunishinda. Eti baridi ya safari hii si baridi. Theluji hamna, manyunyu kutwa, mbingu kijivu. Anaitamani bustani yake ya machipuko mpaka anaiota.

MPWA: Si afadhali? Apande mapema.

SHANGAZI: Nilimwambia hivyohivyo, akanicheka. Kumbe tulipu, lile ua la machipuko la huko, kile kitunguu chake cha ardhini sharti kilale kwenye baridi wiki 12 hadi 16 ndipo kitoe ua la maana. Kisipopoa vya kutosha, ua linatoka kibete au halitoki. Halafu joto la Januari linayahadaa machipukizi, yanatokeza vichwa. Ukija usiku wa barafu kali, asubuhi mengine yamelala chini, meusi.

MPWA: Kama anayepanda mahindi kwa manyunyu ya Februari.

SHANGAZI: Ee! Ndiyo maana wenyeji wa kule nyanya hawazitoi nje mpaka katikati ya Mei. Kuna siku wanaziita Eisheiligen, watakatifu wa barafu, tarehe 11 hadi 15. Zikipita hizo, ndio wanapumua.

MPWA: Mpaka Mei! Sasa anajiliwaza na nini?

SHANGAZI: Kachungu kamoja dirishani. Akanipigia video anitambie: maua ya zambarau, majani yana manyoya kama sikio la paka. Nikamwambia, we mtoto, hilo si la kwetu?

MPWA: La kwetu wapi?

SHANGAZI: Usambara! Mtawala mmoja wa Kijerumani huku, Walter von Saint Paul-Illaire, alilipeleka kwao 1892, ndio wataalamu wakaliita Saintpaulia. Lakini Mjerumani wa kawaida anasema Usambaraveilchen. Jina la milima yetu limo humo humo! Porini linakaa mwambani, kwenye kivuli na unyevu, ndiyo maana dirisha lisilo na jua halilisumbui.

MPWA: Kumbe kaenda kununua kitu cha nyumbani.

SHANGAZI: Kwa euro! Nimemwagiza jani moja tu akija. Ukilichomeka kwenye udongo linaota mizizi lenyewe.

MPWA: Lipande ndege, na msitu wa Amani ni hapo juu tu?

SHANGAZI: Amani ni hifadhi, huchumi kitu.

MPWA: Na uwanja wa ndege watamwuliza kibali.

SHANGAZI: Hebu niache. Tazama kule nyuma ya mwembe, lile si wingu?

MPWA: Jirani anachoma takataka, shangazi.