Usipulize Katriji

Ndugu zangu, habari za jioni. Kabla sijafungua kisanduku hiki, nyoosheni mikono: nani kati yenu hajawahi kuchomoa katriji ya gemu kwenye kifaa chake, akaipuliza kwa pumzi zote, kisha akairudisha? (Kicheko.) Wawili tu. Hao nawashuku.

Tulipuliza, gemu ikawaka, tukaamini pumzi ni dawa. Kumbe kilichosaidia ni kule kuichomoa na kuichomeka upya: pini zilisuguana, zikapata pahali pasafi pa kugusana. Pumzi ina unyevu, na unyevu ukizoea kukaa kwenye pini huleta kutu.

Chukueni kijiti cha pamba, spiriti ya isopropili ya asilimia 90 au zaidi, msugue. Pamba itatoka nyeusi. Tupa, chukua nyingine, mpaka itoke kama ilivyoingia. Katriji nyingi nilizoambiwa zimekufa zilikuwa chafu tu. Msasa naomba muuache kwa seremala. Pini zimepakwa dhahabu nyembamba mno, na msasa hauibakishi.

Sasa tuje kwenye betri, maana hapa ndipo nilipopata somo.

Katriji nyingi za Game Boy, kile kifaa cha gemu cha mkononi cha Nintendo kilichotoka mwaka 1989, huhifadhi mchezo kwenye kumbukumbu inayohitaji umeme muda wote, hata katriji ikiwa kabatini. Umeme huo unatoka kwenye betri bapa ya volti 3, mfano CR1616 au CR2025, iliyoshikizwa kwenye bodi. Betri ikiisha, mchezo uliohifadhiwa unapotea.

Dada mmoja aliniletea katriji ya gemu ya Pokémon Gold. "Fundi, naomba ubadilishe betri kabla haijafa." Nikamwambia sawa, dada. Nilikuwa nimezoea Pokémon Ruby ya mwaka 2002, ambayo betri yake huendesha saa ya mchezo peke yake. Ukiitoa, hifadhi inabaki. Nikafungua skrubu kwa ile bisibisi maalumu ya milimita 3.8, nikapima: volti 2.6. Ilikuwa hai kabisa! Nikayeyusha lehemu, nikaitoa, nikaweka mpya, nikajipongeza. Kuwasha, mchezo unaniuliza jina langu nani, kama vile hatujawahi kuonana. Kwenye Gold, betri ile ile inabeba saa na hifadhi pamoja. Sikumtoza hela, lakini aliyoipoteza haikuwa hela.

Tangu siku hiyo sigusi betri kabla sijanakili hifadhi kwenye kompyuta kwa kisomaji cha katriji. Nikimaliza, naiandika tena. Na nanunua betri iliyokwisha kuunganishwa vibati vyake. Usiweke pasi ya kulehemu moja kwa moja juu ya betri. Joto linaweza kuipasua.

Vifaa vyenyewe nitavipitia haraka. Game Boy ya kwanza ikikosa mistari ya wima kwenye kioo, mara nyingi ule ukanda mwembamba wa chini ya kioo umeachia; pasi ya kulehemu isiyo kali sana ikipita juu yake taratibu, mistari hurudi mmoja mmoja. Nimeona mara nyingi, na bado huwa nashangilia. Betri za kawaida zilizovuja ukoko mweupe, futa vibati kwa siki kidogo, halafu spiriti. Ikiwa taa nyekundu inafifia na betri ni mpya, safisha swichi kabla hujaanza kulaumu bodi.

Game Gear, kifaa cha mkononi cha Sega, ni kesi nyingine. Ilitoka mwaka 1990, inameza betri sita, na kapasita zake, vile vipande vidogo vya kuhifadhi umeme kwenye bodi, huvuja zikizeeka: sauti inafifia, picha inapauka, na majimaji yake yanaila bodi polepole. Hapo kusafisha peke yake hakutoshi. Kapasita zote zing'olewe, bodi isafishwe, ziwekwe mpya.

Hii niliyo nayo hapa haijaguswa tangu itengenezwe. Naifungua sasa. Walio mbele sogeeni mnuse... Eeh, mama, umepatia: samaki. Hayo ndiyo majimaji ya kapasita. Nipitishieni ile pasi, tuanze na bodi ya sauti.