Moto hauui sumukuvu

Ndugu zangu wakulima na wenye magunia wa hapa Busia, Uganda, Machi 2021 mnaikumbuka, siisimulii tena. Kenya walizuia mahindi yetu kuingia kwao, na walipofungua baada ya siku chache waliweka sharti: sumukuvu, sumu inayotengenezwa na kuvu kwenye nafaka, isizidi sehemu 10 kwa bilioni. Wengi mkasema ni siasa. Haya, siasa tuiache. Kwani posho, huo ugali wa mahindi hayo, tunawalisha Wakenya peke yao?

Kila ninakokwenda naambiwa, "Mwalimu, sisi tunapika mpaka inaiva, moto unaua." Mzee wangu, moto unaua kuvu. Sumu ambayo kuvu imekwisha kuiacha ndani ya punje haiuliwi. Maji ya posho yanachemka kwenye nyuzi 100; sumu hii inataka zaidi ya 230 ndipo ivunjike. Sufuria gani ya nyumbani inafika huko? Mwaka 2004 huko Kenya, hasa Makueni na Kitui, watu 317 waliugua na 125 wakafa. Mahindi yao yalihifadhiwa yakiwa na unyevu. Hawakuyatafuna mabichi! Waliyasaga, wakasonga ugali, ukaiva vizuri, wakala na watoto wao. Nitalirudia jambo hili mpaka mnichoke.

Mama mmoja pale nyuma anatikisa kichwa. Najua atakalosema: babu zetu walikula wakazeeka. Nani alipima ini la babu? Mwaka 1966 na 1967 watafiti walikusanya sampuli 480 za chakula hapa hapa Uganda, na karibu 30 katika kila 100 zilikuwa na sumukuvu. Saratani ya ini haiji siku uliyokula. Inachukua miaka, na mwenye homa ya ini aina ya B hatari yake inazidi mara nyingi. Kwa hiyo tukizika watu wetu tunasingizia uchawi.

Mwenyekiti ananionyesha saa, basi haraka. Msianike mahindi juu ya udongo, tandikeni turubai. Msifunge gunia kabla unyevu haujashuka hadi asilimia 13.5. Punje zilizooza msimpe kuku, wala ng'ombe, maana sumu inapita kwenye maziwa anayokunywa mtoto. Karanga nazo ni vivyo hivyo. Kuzikaanga kunapunguza sumu tu, hakuimalizi. Kipimo cha unyevu kipo mezani hapa. Aliyekuja na mahindi yake ayalete sasa tuyapime mbele ya watu wote.