Namna ya kupata ukinzani na nguvu ya umeme kwa kupima volti na ampea

Karibuni. Mezani nina betri ya volti 9, resista moja (kipande kinachozuia kiasi cha umeme unaopita), mita ya kupimia umeme, na pembeni balbu ya indiketa ya gari ambayo nitaifikia mwishoni. Tunatumia betri tu. Umeme wa ukutani usiuguse kwa somo hili.

Tuanze na volti. Waya mwekundu wa mita uchomeke kwenye tundu la V, mweusi kwenye COM, kisha gusisha ncha zake kwenye miguu miwili ya resista wakati umeme unapita. Mita inasoma 9.0. Andika.

Sasa mkondo, yaani zile ampea, na hapa usikimbie. Mkondo haupimwi kwa kugusisha tu. Unakata njia, unaiweka mita katikati, ili umeme wote upite ndani yake. Hamishia waya mwekundu kwenye tundu la mA, chomoa mguu mmoja wa resista, unga mita kwenye pengo hilo. Inasoma 27, na hizo ni miliampea. Ukimaliza, rudisha waya mwekundu kwenye V saa hiyo hiyo, tafadhali! Ukiusahau pale kisha ukaenda kupima volti za betri, umepiga shoti, na fyuzi ya mita inaungua.

Twende kwenye hesabu. Ukinzani, yaani jinsi kitu kinavyozuia umeme kupita, ni volti gawanya kwa ampea. Kanuni hii Georg Simon Ohm aliichapisha mwaka 1827, ndiyo maana ukinzani tunaupima kwa omu. Kabla ya kugawanya, geuza miliampea ziwe ampea: 27 gawanya kwa 1,000 ni 0.027. Wengi huruka hatua hii, wanapata 0.33 na kudhani resista imekufa. Jibu sahihi ni 9 gawanya kwa 0.027, yaani omu 333. Sogea uone mistari ya rangi kwenye resista, inayotaja ukinzani wake: chungwa, chungwa, kahawia. Hiyo ni omu 330, na mstari wa dhahabu unaruhusu tofauti ya asilimia 5. Tuko sawa.

Nguvu ni volti mara ampea: 9 mara 0.027 ni wati 0.243. Resista hii ni ya robo wati, 0.25, kwa hiyo inafanya kazi ukingoni kabisa. Ukiikaribia kwa kidole unasikia joto lake. Mimi ningeweka ya nusu wati.

Haya, balbu. Kwa betri ya volti 12, mita ikiwa kwenye tundu la 10A, inavuta ampea 1.75. Zidisha: wati 21, kama ilivyoandikwa kwenye kitako chake. Gawanya: omu 6.86 hivi.

Sasa ninaizima, ninaichomoa, ninaiacha ipoe, kisha ninaipima moja kwa moja kwa omu. Ona, haifiki hata omu 1! Mita ni nzima, na hesabu yetu haijakosea. Uzi wa tungsteni ukiwa baridi ukinzani wake ni mdogo. Ukiwaka, unapanda karibu mara kumi. Kwa hiyo ukinzani wa balbu kazini utaupata kwa volti na ampea zilizopimwa ikiwa inawaka. Na kwa kuwa huanza ikiwa baridi, mara tu unapowasha huvuta mkondo mkubwa kuliko ule wa 1.75 kwa kitambo kidogo sana, ndiyo maana balbu za uzi hupenda kukatika pale pale unapobonyeza swichi.