Goti Linauma, Dawa Tumeipima na Nini?

Assalaam aleikum, mama zangu na ndugu zangu. Gegedu la goti, yaani tabaka telezi linalofunika ncha za mifupa, linavyolika nyote mnajua, sitarudia. Nina swali lile lile ambalo sitachoka kuliuliza: mtu akisema tiba fulani imempa nafuu, tiba hiyo imelinganishwa na nini?

Mwaka 2002 yalichapishwa matokeo ya jaribio la daktari mpasuaji Bruce Moseley wa Houston, Marekani. Wakati huo ilikuwa kawaida goti kutobolewa, kamera ikaingizwa, gegedu lililochakaa likakwanguliwa na maji ya chumvi yakapitishwa. Wagonjwa walitoka wakishukuru. Moseley akawagawa wagonjwa 180 kwa kura: wa kukwanguliwa, wa kuoshwa goti tu, na wa upasuaji usio wa kweli. Hao wa mwisho walipewa dawa ya kuwalegeza, wakachanjwa ngozi mara 3, kila chale sentimita 1. Mpasuaji aliagiza vyombo vyote, akalikunja goti na kulikunjua, maji yakamwagwa ili mlio usikike. Kamera haikuingia. Usiku walilala hospitalini kama wenzao.

Walifuatiliwa miaka 2. Hakuna kipimo hata kimoja ambapo waliopasuliwa kweli walikuwa na maumivu machache kuliko waliochanjwa ngozi tu.

Mtaniambia huo ni udanganyifu. Sivyo. Kila mmoja aliandika kwa mkono wake kwamba anajua huenda asipasuliwe kweli, na karibu nusu ya walioombwa walikataa. Mtaniambia karibu wote walikuwa wanaume, na mpasuaji alikuwa mmoja. Hilo nalikubali. Lakini mwaka 2008 watafiti wa Kanada walilinganisha upasuaji huo pamoja na mazoezi na dawa, dhidi ya mazoezi na dawa peke yake, na upasuaji haukuongeza kitu. Basi maumivu yalikuwa ya kubuni? Hapana! Maumivu ya goti hupanda na kushuka. Mtu huenda kwa daktari yamepanda kabisa, na yakishuka, sifa huenda kwa tiba iliyokuwapo siku hiyo. Matumaini nayo hupunguza maumivu. Bila kundi la kulinganisha, huwezi kutenganisha mambo hayo.

Ndiyo maana hunichoma kuona mama akitoa pesa ya unga kununua glukosamini, kirutubisho kinachouzwa kwa maumivu ya viungo, kwa sababu jirani "amerudishiwa mafuta ya goti". Mwaka 2006, Marekani, watu 1,583 walijaribiwa kwa wiki 24. Waliomeza miligramu 1,500 za glukosamini kila siku, asilimia 64 walipata nafuu. Waliomeza kidonge kisicho na dawa, asilimia 60. Tofauti hiyo bahati peke yake inaweza kuileta.

Sindano za steroidi, dawa ya kutuliza uvimbe inayochomwa ndani ya goti, kwa ufupi: jaribio la 2017 lilizichoma kila wiki 12 kwa miaka 2. Maumivu hayakutofautiana na ya waliochomwa maji ya chumvi, na gegedu lilipungua zaidi.

Na ninyi mtakaofanya utafiti hapa Mombasa, sikieni. Dodoso la WOMAC, fomu ya kupima maumivu ya goti na kazi zinazomshinda mgonjwa, lina maswali 24. Linauliza ngazi, gari, soksi na bafu. Sujudu haimo. Kuketi juu ya mbuzi ukune nazi haimo. Mama akishindwa na hayo mawili, fomu yenu itaandika kwamba hajambo. Yaongezeni.

Muda unakwisha, na mazoezi sijayagusa. Chukua kiti kigumu, si kochi. Inuka na uketi polepole bila kujisaidia kwa mikono, mara 10, pumzika, rudia mpaka mizunguko 3, siku 3 kwa wiki. Ukishindwa, weka mto kiti kiinuke. Maumivu yakitulia kufikia kesho yake, endelea. Goti likivimba, punguza idadi, usiache. Wengi huacha wiki ya pili, na misuli ya paja huhitaji wiki 8 hadi 12. Mwenye uzito uliozidi, kila kilo 1 unayopunguza huliondolea goti mzigo wa kilo 4 katika kila hatua.

Goti likiwa jekundu, la moto, na una homa, usifanye zoezi lolote. Nenda hospitali siku hiyo hiyo.