Kabla hujajaza fomu ya mastaz ya kaunselingi

Asalaam aleikum, habari za jioni wapenzi. Nashukuru mmekuja wengi hivi na mvua yote hii ya Mombasa, naona kuna waliosimama kule nyuma, songeni jamani viti viko hapa upande wa dirisha. Nimeitwa nizungumze na nyinyi kuhusu kuomba nafasi ya mastaz, yaani shahada ya uzamili, ya saikolojia ya ushauri, kaunselingi tulivyozoea kuita, na walioniita walitaka nieleze fomu na makaratasi. Nitaeleza, ila sitaanzia huko manake makaratasi sio yanayowaangusha watu.

Mimi nimekaa kwenye jopo la kuhoji waombaji miaka kadhaa sasa. Zile barua za kujieleza, stetimenti, nimezisoma mpaka naweza kubashiri mstari wa kwanza kabla sijafungua bahasha: tangu utotoni napenda kushauri watu, hata marafiki zangu wakiwa na shida hunijia mimi. Si uongo, naamini kweli wanakujia. Lakini ukiandika hivo na ukaishia hapo, umetuambia unataka kuja kusomea kitu ambacho sisi hatufundishi.

Na kosa si lenu, jina la kazi yetu ndo linachanganya. Ushauri nasaha. Hebu yatazame hayo maneno mawili. Nasaha ni mawaidha ya anayekutakia kheri, mzee anakukalisha barazani anakwambia mwanangu fanya hivi, hivi wacha, na ushauri nao siku hizi umebaki kua ni kumwambia mtu cha kufanya. Kwaiyo kijana akisikia mastaz ya ushauri nasaha anaona ni digrii ya kutoa mawaidha mara mbili. Ilhali shauri la wazee wetu halikua hivo, watu wakisema twende tukafanye shauri hawakua wanaenda kupewa amri, walikua wanaenda kukaa na jambo pamoja, kulizungusha, kunyamaza, kulirudia, mpaka mwenye jambo mwenyewe aone njia. Kaunselingi iko karibu sana na shauri hilo la zamani kuliko nasaha. Kuna Mmarekani mmoja mtamsoma mpaka mchoke, Carl Rogers, mwaka 1957 aliandika makala akataja masharti sita ambayo yakiwepo mtu hubadilika, na matatu kati ya hayo ndo yanafundishwa kila mahali: mshauri awe mkweli asijifanye, amkubali mteja bila kumwekea sharti, na amuelewe kutokea ndani ya ulimwengu wa yule mteja mwenyewe. Tafuta kwenye hayo sita kama kuna la kumpa mtu mawaidha. Halipo.

Mimi hili sikulijua darasani. Nilikua mwalimu wa sekondari, nikapewa kazi ya gaidansi, kuwaongoza wanafunzi wenye shida, kwa sababu tu mwalimu wa kabla yangu alihamishwa na mimi nilikua mwanamke na nina subira, hakuna aliyenifunza chochote. Akaja binti mmoja wa fomu tatu akasema mwalimu mimi silali. Basi. Maneno matatu hayo. Nikamkalisha, nikampa nasaha, nikamwambia kuhusu kusali, kuhusu kupanga ratiba ya kusoma, kuhusu kuepuka simu usiku, nikamtolea na mfano wa maisha yangu mwenyewe, dakika arubaini nzima nazungumza mimi. Akasema asante mwalimu. Hakurudi tena. Muhula uliofata hakuwepo shuleni, na mpaka leo sijui alikua anataka kuniambia nini kuhusu usiku aliokua halali.

Nilipoomba mastaz mara ya kwanza sikuandika habari ya binti huyu. Niliandika napenda kushauri watu, nikaandika na msiba wa baba yangu kurasa mbili, nikakataliwa. Mwaka uliofata nikamuandika huyu binti, bila jina wala shule, nikaandika nilichofanya na ninachodhani nilikosea, nikasema nataka kujifunza kunyamaza. Kwenye intavyu nikaulizwa, akirudi leo utafanya nini? Nikakaa kimya muda mrefu sana, alafu nikasema nitamuuliza, huwa unafikiria nini ukiwa macho. Walinichukua.

Sasa sisemi msiandike misiba yenu. Wengi wetu tumeingia kazi hii kwa mlango wa maumivu, mzazi mlevi, ndugu aliyejiua, talaka, na hakuna aibu. Ila jopo likisoma linajiuliza swali moja tu, je, kidonda hiki kimefunga au bado kinatoka damu? Manake mteja wako wa kwanza atakuja na kidonda kama chako, na kama chako kibichi utalia wewe na yeye abaki kukubembeleza. Kwaiyo ukitaja maumivu yako, yataje kwa mistari michache, alafu tuonyeshe umefanya nayo nini: ulienda ukazungumza na mtu? Umejitolea wapi? Umejifunza nini kuhusu mipaka yako? Na ujue programu nyingi zitakutaka wewe mwenyewe ukae kwenye kiti cha mteja, upate sesheni zako binafsi wakati unasoma. Mtu anayeona hilo ni usumbufu, namuomba afikirie tena.

Haya, tuje kwenye kuchagua programu. Hapa nataka mnisikize vizuri sana manake pesa zenu zinapotea hapa.

Hizi kozi hazikuota tu. Agosti 7 mwaka 1998 ubalozi wa Marekani Nairobi ulipolipuliwa walikufa watu 213, maelfu wakaumia, wengi walipofushwa na vioo sababu walikimbilia madirishani kuona kuna nini, na nchi ikajikuta haina watu wa kutosha wa kukaa na wale waliobaki. Alafu Machi 2001 bweni la Kyanguli kule Machakos likachomwa wakafa wavulana 67, na mwaka huohuo viboko vikapigwa marufuku mashuleni, walimu tukaambiwa tumieni gaidansi na kaunselingi badala yake. Ndo wakati watu kama mimi tulipokabidhiwa ofisi na meza bila mafunzo. Vyuo vikafungua madarasa kwa kasi, vingine vizuri, vingine bora liende.

Kwaiyo jua unaomba nini. Kuna mastaz ya saikolojia ya ushauri kama wanavyotoa Kenyatta, Daystar, USIU na wengine. Kuna ile ya saikolojia ya kliniki, hiyo inaegemea upimaji na magonjwa makubwa ya akili, chuo kikuu cha Nairobi wanayo upande wa udaktari. Na kuna ya elimu, gaidansi na kaunselingi, inayowafaa zaidi wanaotaka kubaki mashuleni. Majina yanafanana, kazi zake hazifanani, na usajili pia. Sheria ya washauri na wanasaikolojia tunayo, namba 14 ya 2014, inasema mtu hafanyi kazi hii bila kusajiliwa, kwaiyo kabla hujalipa hata shilingi ya fomu hakikisha programu imeidhinishwa na CUE, tume ya elimu ya vyuo vikuu ya Kenya, na uulize bodi iliyoundwa na sheria hiyo kama wanaitambua. Wenzetu mliovuka Lungalunga kutoka Tanga, nawaona hapo, nyinyi ulizeni TCU, tume ya vyuo vikuu ya Tanzania, mapema, sababu digrii ya Kenya mkirudi nayo itahitaji kutambuliwa kwenu, msije mkagundua baada ya miaka miwili.

Alafu praktikamu, yale mafunzo ya vitendo ya kukaa na wateja wa kweli. Hili ndo moyo wa mastaz hii na ndo watu hawaliulizi. Unaona brosha nzuri, kampasi ina maua, unalipa. Piga simu, au nenda kabisa, ukae na mwanafunzi wa mwaka wa pili kwa chai umuulize: mlipelekwa wapi praktikamu au mliambiwa mjitafutie? Mlikaa na wateja masaa mangapi kwa jumla? Supavaiza, yaani msimamizi wenu wa praktikamu, alikua anawaona kila wiki au alikuja kusaini fomu siku ya mwisho? Kuna mtu amewahi kusikiliza sesheni yako iliyorekodiwa, kwa ruhusa ya mteja, akakwambia hapa ulimkata kauli? Kama hakuna aliyewahi kukusikiliza ukifanya kazi, wewe umesoma vitabu tu, na vitabu unaweza kuvisoma nyumbani bila karo.

Makaratasi sasa, haraka. Wengi wanataka digrii ya kwanza yenye sekondi apa, daraja la pili la juu, ukiwa na sekondi loa, daraja la pili la chini, wengine watakuchukua ukionyesha uzoefu wa kazi wa miaka kama miwili, sasa usikate tamaa ukiona loa, soma masharti mpaka chini. Transkripti, yale makaratasi ya alama zako za chuo, zitafute leo, si wiki ya mwisho, manake ofisi za vyuo mwazijua, utaambiwa rudi Alhamisi, Alhamisi mwenye muhuri hayupo. Vyeti mpaka cha KCSE, kile cha kumaliza sekondari, viskani viwe wazi vinasomeka. Ada ya kuomba hairudishwi ukikataliwa, kwaiyo omba programu mbili tatu ulizozichunguza, sio saba za kubahatisha. Wengine wanataka na wazo la utafiti kurasa mbili, hapo chagua jambo dogo unaloweza kulifikia kweli, wavuvi wa Kibuyuni, mama ntilie wa soko fulani, usiniletee afya ya akili ya vijana wote wa Afrika. Mbele ya safari utahitaji kamati ya maadili na kibali cha NACOSTI, tume ya taifa inayotoa ruhusa za utafiti, na kwa watu walio kwenye maumivu hivyo vibali havitoki kirahisi, na ni haki visitoke kirahisi.

Wadhamini wa barua. Msikimbilie mwenye cheo kikubwa. Profesa asiyekujua ataandika mistari minne kwamba wewe ni mwanafunzi mwenye bidii, barua hiyo haitusaidii kitu. Mtafute mtu mmoja aliyekufundisha na mmoja aliyekuona ukiwa na watu, msimamizi wa kituo ulichojitolea, sista wa zahanati, mwalimu mkuu. Nilisoma barua moja ya nesi ilikua na Kiingereza cha kuvunjika vunjika, kaandika huyu kijana wamama wakija kupima HIV hua wanauliza yuko wapi yule asiyeharakisha. Yule kijana tulimchukua na alama zake hazikua za juu.

Intavyu nayo, nitawapa swali moja linalopenda kuulizwa. Mteja kakwambia amejaribu kujitoa uhai, na anakuomba usimwambie mtu. Miaka yote kifungu cha 226 cha sheria ya makosa ya jinai kilikua kinamfanya mtu huyu mhalifu, mpaka Januari 2025 mahakama kuu Nairobi iliposema kinakwenda kinyume na katiba. Wanaokimbilia kusema nitatunza siri na wanaokimbilia kusema nitaita polisi, wote wawili wamekimbia. Tunataka kusikia ukimuona mtu kwanza, ukiuliza yuko salama usiku wa leo, nani yuko naye nyumbani, kisha mipaka ya siri ambayo ulipaswa umueleze tangu dakika ya kwanza kabla hajafungua mdomo.

Na jambo moja linaloniuma. Tunafunzwa kwa Kiingereza, tunaandika kwa Kiingereza, alafu mteja anaingia anasema roho yaniuma, ama nina mawazo, ama moyo umekua mzito kama jiwe, na mwanafunzi wangu anahangaika kuliweka kwenye kisanduku cha dipresheni au wasiwasi kabla hata hajauliza, roho yakuuma vipi? Mtu wa pwani akikwambia ana mawazo hakwambii anafikiri, anakwambia kuna kitu kinamla. Kama unajua Kigiriama, Kidigo, Kipokomo, Kisomali, kiandike kwenye barua yako, usikifiche kama kitu cha nyumbani. Ni uwezo ambao mwenzako mwenye alama za juu hana.

Kuna aliyeniuliza hapo mlangoni kuhusu kwenda ng'ambo. Kwa ufupi, Uingereza jina la kaunselingi saikolojisti linalindwa na sheria, HCPC, baraza la kusajili watu wa fani za afya, ndo wanasajili tangu 2009, na njia ni kiwango cha shahada ya uzamivu sio mastaz. Marekani mastaz inakufikisha kwenye leseni ya mshauri, na programu zinazotambuliwa na CACREP, shirika la huko linaloidhinisha kozi za kaunselingi, zinataka saa 100 za praktikamu na 600 za intanshipu, ila kuitwa saikolojisti majimbo mengi yanataka shahada ya uzamivu. Kwaiyo ukiwa na nia hiyo panga kuanzia sasa, na weka rekodi ya saa zako zote zilizosainiwa, hata za hapa.

Karo siwezi kuwadanganya, ni kubwa, na praktikamu nyingi hazina malipo, nauli ni yako. HELB, bodi ya mikopo ya elimu ya juu ya Kenya, wana mkopo wa uzamili, angalieni. Wanaofanya kazi muulize madarasa ya jioni na wikendi, lakini muulize pia kama kituo cha praktikamu kinafungua wikendi, hapo ndo wengi hukwama wakiwa wamebakisha muhula mmoja.

Nimezidisha muda, naona mwenye ukumbi ananitazama. Walio na rasimu za stetimenti niachieni hapa mezani au mletee yule dada aliyevaa buibui ya kijani pale mlangoni, nitazisoma zote kufikia Ijumaa. Andika ukurasa mmoja na nusu, usizidi. Na kama mstari wako wa kwanza ni ule wa tangu utotoni, ufute usiku huu, kaa kitako ukumbuke mtu mmoja aliyekuja kwako na wewe hukumsikia, uanzie hapo.