Nguo ya Kuzunguka Kilwa

ZUHURA: Assalaam aleikum wasikilizaji wetu. Tumerudi, na mwenzangu yupo.

SEIF: Wa aleikum salaam. Nipo, na leo nimekuja na karatasi. Mambo matano ya kujifunza kutoka kwa João de Barros, mwanahistoria wa Ureno. Yote matano nimeyaandika kwa mkono.

ZUHURA: Tutayafikia. Kwanza niseme nilikotoka.

SEIF: Pole na msiba, dada.

ZUHURA: Nimeshapoa. Ilikuwa arobaini ya mume wa shangazi, Kilwa Masoko. Kesho yake tukavuka kwa mashua kwenda Kisiwani, kuwasalimu ndugu wa marehemu. Kuna bibi mmoja kule, macho yamefifia lakini mikono bado ina nguvu. Kakaa kwenye jamvi anakunja kanga, anashika pindo kwa vidole, anafuata ukingo mpaka mwisho. Nikamwambia, bibi, wiki hii tunamzungumza Mreno aliyeandika habari za Kilwa zamani sana. Hakuuliza jina lake. Kaniuliza, "Amesema nini kuhusu ile nguo?"

SEIF: Subhanallah.

ZUHURA: Nikashindwa kumjibu. Sasa wewe nijibu.

SEIF: Haya. Wasiojua, hadithi ni hii: Ali bin al-Hasan, wa ukoo wa Shiraz, alipofika Kilwa alikuta kisiwa kina wenyewe. Akakinunua kwa nguo. Habari ya Kiarabu ya Kilwa, yaani masimulizi ya kale ya mji huo, inasema nguo ya kutosha kukizunguka kisiwa chote. Barros naye anayo hadithi hiyo, imo kwenye Década ya kwanza, kitabu chake cha historia, iliyochapwa Lisbon 1552. Ila yeye anasema kwa ufupi tu, kisiwa kilinunuliwa kwa nguo. Kuzunguka hakuna.

ZUHURA: Kaondoa mzunguko! Ndiyo utamu wenyewe.

SEIF: Lakini kalihifadhi jambo jingine zito. Anasema mama yake Ali alikuwa mtumwa wa Kihabeshi, na ndugu zake wa baba, ambao mama yao alikuwa wa ukoo mkubwa wa Kiajemi, walimdharau. Ndiyo maana akahama.

ZUHURA: Hilo bibi hakulisema.

SEIF: Sasa nianze na maisha yake. Barros kazaliwa 1496. Akiwa kijana alitumikia kwenye chumba cha mavazi cha mwana wa mfalme, na riwaya yake ya kwanza, iliyotoka 1522, mwenyewe anasema aliiandika juu ya makasha ya nguo za huyo bwana wake.

ZUHURA: Nguo tena!

SEIF: Nilijua utasema.

ZUHURA: Basi ngoja, maana kuna swali limenikosesha usingizi tangu Jumapili. Kuzunguka kisiwa, sawa. Maji yakiwa yamejaa au yamepwa?

SEIF: Aa, Zuhura.

ZUHURA: Nauliza kweli. Nimesimama pale ufukweni kwa macho yangu. Maji ya bamvua yakipwa, unaona mizizi ya mikoko, unaona matope mpaka mbali. Yakijaa, bahari inagonga ukuta wa Gereza, ile ngome ya zamani. Hivyo ni visiwa viwili tofauti.

SEIF: Mwenye kisiwa angetaka kipimwe maji yamepwa, apate nguo nyingi. Mnunuzi angesubiri yajae.

ZUHURA: Eeh! Na nani alishika ncha ya nguo?

SEIF: Tupige hesabu basi, tusibahatishe. Jora moja ni yadi 30. Kilomita moja ni kama yadi 1,094. Kwa hiyo kila kilomita ya pwani inakula majora 36 na nusu hivi.

ZUHURA: Kwa kilomita moja tu! Na ufukwe haukunyooka, una vihori. Unapita nje ya mikoko au unaingia ndani?

SEIF: Ukiingia ndani umefilisika.

ZUHURA: Bibi alinionyesha. Kasimama, kanyoosha mikono yote miwili, hii ndiyo pima. Halafu kakunja mkono, kuanzia kiwiko mpaka ncha ya kidole. Mikono minne, pima moja. Akasema, "Walipima maji yamejaa. Tulipunjwa."

SEIF: Tulipunjwa? Yeye si Mshirazi?

ZUHURA: Ndilo nililomuuliza. Babu yake Mshirazi, bibi yake mtu wa bara. Anasema upande mmoja amenunua, upande mwingine ameuza, na mpaka leo anaona bei ilikuwa ndogo.

SEIF: Huyo bibi alitakiwa awe hapa kwenye kiti changu. Maana maji yanarudi tena mbele kwenye hadithi. Ile habari ya Kiarabu inasema zamani, maji yakipwa, mtu alivuka kwa miguu kutoka bara. Baada ya kununua, Ali akachimba mkondo, maji yakaingia yasitoke. Mwenye kisiwa alipotaka kurudi akichukue kwa nguvu, alikaa ng'ambo akisubiri maji yapwe. Hayakupwa.

ZUHURA: Kwa hiyo aliyepima kwa maji ndiye aliyelinda kwa maji. Aliijua bahari.

SEIF: Dakika zetu zinakwenda. Nirudi Lisbon. Miaka zaidi ya 30 Barros alikuwa msimamizi wa Casa da Índia, ofisi iliyoshika biashara yote ya Ureno na Asia na pwani yetu. Kila nahodha akirudi, kila barua, kila shehena, vinapita kwake. Mwenyewe hakukanyaga Kilwa wala Goa. Aliuliza watu, akakusanya maandishi ya Kiajemi, Kiarabu, mpaka Kichina. Akayapanga kwa vitabu kumikumi kama alivyofanya Livy, mwanahistoria wa Roma, ndiyo maana zikaitwa Década. Hao ndio wasomi wa zama zile, Roma ya kale wameibeba kichwani.

ZUHURA: Na Kichina alisomaje?

SEIF: Alimnunua Mchina msomi, mtumwa, amtafsirie.

ZUHURA: Jina lake?

SEIF: Hatukuachiwa jina.

ZUHURA: Unaona sasa. Hapo ndipo mimi na Barros tunapoachana. Julai 1505 Francisco de Almeida, kamanda wa Wareno, anaingia Kilwa na merikebu zake. Sultani Ibrahim anakimbia, mji unaporwa, wanajenga ngome. Barros wakati huo mtoto wa miaka 9. Baadaye anakua, anakaa kwenye ofisi ileile inayokula matunda ya safari zile, kisha anatuandikia wafalme wetu. Nimshukuru?

SEIF: Ndiyo, umshukuru. Ile nakala ya habari ya Kiarabu tunayojivunia ilinakiliwa 1877, ikatoka kwa Sultani Barghash, sasa iko London. Kati ya 1505 na 1877 tuna nini? Tuna Barros. Tukiziweka pamoja, pale zinapokubaliana tunapata pa kukanyaga. Halafu mwaka 1984 Mtambwe Mkuu, Pemba, zikachimbuliwa sarafu za fedha, na jina la Ali bin al-Hasan limo. Mtu wa kwenye hadithi, kwenye sarafu!

ZUHURA: Sarafu zilikaa ardhini mwetu, Seif. Hazikumhitaji Barros. Nikuulize: watu wakuvunjie nyumba, kisha ndugu yao aokote picha ya babu yako aibandike kwenye albamu yake. Utamwambia ahsante?

SEIF: Nitasema alhamdulillahi, sura ya babu ipo.

ZUHURA: Mimi nitauliza picha yangu iko wapi. Nakala aliyoisoma Barros tunayo? Hatuna. Tuna ufupisho wa Mreno, na mzunguko wa nguo kautoa.

SEIF: Kautoa, lakini mama Muhabeshi kamwacha. Angeweza kumfuta. Mtu anayetaka kuwasafishia wakubwa hamtaji mama mtumwa.

ZUHURA: Au alimtaja kwa kuwa ilikuwa nasaba ya watu wengine, haikumuuma.

SEIF: Hapo unamhukumu moyo wake.

ZUHURA: Nahukumu kiti alichokalia.

SEIF: Kiti kilimgharimu pia. Mwaka 1535 alituma merikebu Brazili kwenye ardhi aliyopewa na mfalme. Zikaharibikiwa, mali ikaisha, madeni yakamfuata. Mwaka 1568 kiharusi, 1570 kafa.

ZUHURA: Namwonea huruma kama binadamu. Sibadili neno.

SEIF: Nami sibadili.

ZUHURA: Na mwaka 1540 aliandika kwamba silaha na nguzo za mawe za Wareno Afrika na Asia muda unaweza kuzila, lakini lugha watakayoiacha haitaliwa. Kilwa nimekwenda juzi. Nimesikia Kiswahili.

SEIF: Na lile jengo uliloligusa bado mnaliita Gereza, kutoka igreja, kanisa lao. Kanga aliyokunja bibi, pengine shangazi yako anaiita leso. Lenço, Kireno.

ZUHURA: Hilo... shangazi anaiita leso, ndiyo.

SEIF: Basi.

ZUHURA: Siyo basi. Tumechukua neno, nguo tunavaa wenyewe. Lakini fundi mitambo ananipungia mkono, wanaotufuata wako mlangoni.

SEIF: Na mambo yangu matano?

ZUHURA: Lipi la kwanza?

SEIF: La kwanza linahusu kuuliza wasafiri kabla ya...

ZUHURA: Dakika moja imebaki, Seif.

SEIF: Nitakuja na karatasi wiki ijayo. Ila mpigie bibi simu. Muulize ncha ya nguo ilianzia wapi, upande wa Gereza au upande wa mikoko.

ZUHURA: Nilishamuuliza. Alisema nirudi wakati wa bamvua, atanionyesha.